Mapumziko ya Nani? Umri Mrefu, Uchovu na Ratiba za Kazi Watamu

Namna mtu mwenye shughuli nyingi anavyoweza kuishi miaka mingi akiwa na nguvu zake, kupona uchovu kabla haujageuka maradhi, na kustahimili misukosuko ya kazi bila kuvunjika, ni swali ambalo kwa kawaida huulizwa kana kwamba jibu lake limo ndani ya mtu mmoja mmoja: ale nini, alale saa ngapi, anunue kifaa gani cha kuhesabia hatua na mapigo ya moyo. Watamu, mji mdogo wa pwani ulioko kusini mwa Malindi katika kaunti ya Kilifi, ni mahali panapofaa kulichunguza swali hilo upya, kwa sababu hapo watu wa aina mbili wenye shughuli nyingi huonana kila siku. Kuna wanaokuja kupumzika, au kufanya kazi kwenye kompyuta huku wakiitazama bahari: mawakili, wahasibu na madaktari kutoka Nairobi, wageni wa Ulaya, hasa Waitaliano waliouzoea ukanda huu wa Malindi tangu zamani, na vijana wa Kikenya walioajiriwa na kampuni za ng'ambo. Na kuna wale ambao kazi yao ndiyo mapumziko ya wenzao: wapishi, wahudumu wa mezani, wasafishaji wa vyumba, manahodha wa mashua zinazowapeleka wageni kwenye hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968, walinzi wa usiku, madereva wa tuktuk. Ushahidi uliokusanywa kwa miongo kadhaa, ambao sehemu yake nzuri imetoka Afrika Mashariki yenyewe, unaelekea kuonyesha jambo ambalo vitabu vya ushauri wa afya havilipi uzito wake, nalo ni kwamba kupona uchovu kunategemea mpangilio wa saa na uhusiano wa watu kazini zaidi kuliko kunavyotegemea mahali, bidhaa au nia njema.

Ili jambo hilo lieleweke, yafaa kwanza kueleza uchovu unavyouharibu mwili. Mtu anapokabiliwa na tishio au shinikizo, ubongo huamuru tezi zitoe homoni za adrenalini na kotisoli, moyo huenda mbio, mishipa hukaza, sukari humiminwa kwenye damu, na shughuli zisizo za dharura, kama vile kusaga chakula na kukarabati chembe za mwili, huahirishwa. Mwitikio huo ni wa manufaa ukidumu dakika chache kisha ukazimika. Madhara huanza usipozimika. Mwaka 1993 wanasayansi Bruce McEwen na Eliot Stellar waliuita uchakavu unaotokana na kuwashwa huko kusikokoma mzigo wa alostasia, yaani gharama anayolipa mtu mwilini kwa kujirekebisha mara kwa mara ili aendane na mazingira yanayombana. Kwa mtazamo huo, ustahimilivu haupimwi kwa ugumu wa roho wala uwezo wa kuvumilia bila kulalamika, bali kwa kasi ambayo mwili unarudi katika hali yake ya utulivu baada ya kutikiswa. Mhasibu anayesifiwa ofisini kwa kutochoka huenda, kwa kipimo hicho, akawa dhaifu kuliko mwenzake anayechoka upesi na kupona upesi.

Kenya ina nafasi ya pekee katika historia ya elimu hii, na pengine Wakenya wengi hawana habari nayo. Tangu mwaka 1978 mwanasayansi Robert Sapolsky alifuatilia nyani wa Maasai Mara, akawapima kotisoli na shinikizo la damu, akaona kwamba katika kundi lenye vyeo vilivyo imara wale wa chini, wanaobughudhiwa wakati wowote na wasioweza kutabiri adha itatoka wapi, ndio wanaoonyesha dalili nyingi za msongo usiokwisha. Katika Amboseli, ambako nyani wamefuatiliwa kizazi baada ya kizazi tangu mwaka 1971, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba majike yaliyopatwa na dhiki tatu au zaidi utotoni yaliishi takriban miaka 10 pungufu ya yale yaliyopatwa na dhiki moja tu au yasiyopatwa na dhiki kabisa, na uchunguzi mwingine hapo hapo umeonyesha kwamba majike yenye mahusiano mengi na wenzao huishi zaidi. Binadamu si nyani, lakini uchunguzi wa watumishi wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1967, unaojulikana kwa jina la Whitehall, ulifika karibu na hapo: wote walikuwa na ajira ya kudumu na hakuna aliyekuwa fukara, na bado kila ngazi ya chini ilikuwa na vifo vingi vya moyo kuliko ngazi iliyo juu yake. Awamu ya pili, iliyoanza mwaka 1985, ilionyesha kwamba sehemu ya tofauti hiyo inaelezwa na kiasi ambacho mtu ana sauti juu ya kazi yake mwenyewe. Hoja ya kwamba mabosi ndio wanaokufa kwa presha ya majukumu haikuungwa mkono. Anayeathirika zaidi ni yule mwenye majukumu mazito na mamlaka madogo.

Presha hiyo, kwa maana yake ya kitabibu, ndiyo mlango ambao umri mrefu hupotelea kwa watu wengi wa Pwani, na hapa utafiti wa Kilifi ni wa kuangaliwa kwa makini. Taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI, kwa ushirikiano na Wellcome Trust, ilianzisha kituo chake mjini Kilifi mwaka 1989, na tangu mwaka 2000 imekuwa ikiorodhesha vizazi, vifo na mahamio ya zaidi ya robo milioni ya wakazi wanaoizunguka hospitali ya kaunti. Humo mtafiti Anthony Etyang na wenzake waliwafunga watu kifaa kinachopima shinikizo la damu mkononi kwa saa 24, mchana wakiwa shambani na usiku wakiwa wamelala, wakagundua kwamba kipimo cha mara moja mbele ya mhudumu wa afya huwahesabu kuwa wagonjwa watu wengi ambao shinikizo lao ni la kawaida wakiwa katika shughuli zao. Kikundi hicho hicho kilipata ushahidi kwamba malaria ya utotoni inaweza kuchangia shinikizo la juu ukubwani: huko Kilifi, wenye kinga ya kurithi dhidi ya malaria walikuwa na shinikizo la chini kidogo kuliko wengine, na tofauti hiyo haikuonekana Nairobi, ambako malaria ni nadra. Mwili, kwa hiyo, huingia kazini ukiwa tayari umebeba deni, na ushauri unaomchukulia kila mtu kuwa ameanzia sifuri haumfai mwanamke wa Dabaso, jirani na Watamu, kama unavyomfaa mwanamke wa Stockholm.

Hata hivyo kasoro za kipimo kimoja hazihalalishi kutopima kabisa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikadiria kwamba asilimia 23.8 ya Wakenya wa umri wa miaka 18 hadi 69 walikuwa na shinikizo la juu, na kwamba asilimia 56 ya watu wazima hawakuwahi kupimwa maishani mwao. Kwa upande wa pili, majumuisho ya majaribio ya tiba yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba kila shinikizo la juu linaposhushwa kwa vipimo 10 vya milimita za zebaki, kiharusi hupungua kwa asilimia 27 hivi na vifo vya sababu zote kwa asilimia 13. Hakuna kirutubisho cha chupani, mashine ya kujipoza wala mfungo wa kisasa unaokaribia matokeo hayo, na dawa zenyewe ni za bei nafuu. Mtaalamu anayetumia maelfu ya shilingi kwa saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo usingizini, lakini hajui presha yake, amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Kwa nini presha hupanda mtu anapohamia mjini na kushika kazi ya kulipwa? Mwaka 1990 mtafiti Neil Poulter na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia Waluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Shinikizo lao lilipanda mapema baada ya kuhama, si baada ya miaka mingi ya kunenepa. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi na madini ya potasiamu machache zaidi, na mapigo ya moyo yaliongezeka, jambo lililowafanya watafiti washuku kwamba mfumo wa neva unaowasha hali ya tahadhari ulikuwa umeamshwa. Chakula na msongo viliingia pamoja. Mpishi anayetoka Ganze, bara ya Kilifi, kwenda kupanga chumba Timboni, Watamu, anafunga safari fupi kuliko hiyo, lakini ya namna ile ile: anaacha mboga za shamba na sima, anakula chipsi na soseji za kando ya barabara kati ya zamu mbili, na badala ya kuamshwa na jogoo anaamshwa na simu.

Juu ya chakula, jaribio la hivi karibuni la Kilimanjaro linaonyesha jinsi mabadiliko hayo yanavyokwenda kwa kasi. Mwaka 2025 watafiti wa Moshi na Uholanzi walichapisha matokeo ya vijana 77 wa kiume wenye afya: baadhi waliozoea vyakula vya asili vya kijijini walipewa kwa wiki mbili vyakula vya kiwandani na vya kukaangwa, wengine wa mjini wakapewa kwa muda huo huo vyakula vya asili, na kundi la tatu likanywa mbege, kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, kwa wiki moja. Walioacha vyakula vya asili walipata ongezeko la viashiria vya uvimbe wa ndani, yaani hali ya kinga ya mwili kukaa vitani bila adui, na uzito ukapanda. Kwa waliohamia vyakula vya asili, viashiria vya uvimbe vilielekea kupungua. Kabla ya hapo, mwaka 1996, timu ya Kitaliano ilikuwa imechapisha uchunguzi wa Lugalawa, uliolinganisha wanakijiji wa kando ya Ziwa Nyasa waliokula samaki na wenzao wa bara waliokula mboga, ukaona kwamba walaji wa samaki walikuwa na shinikizo la chini zaidi. Meza ya Pwani ina samaki, mbaazi, mchicha, mchunga na viazi vitamu, na kwa hilo haina la kujifunza kutoka kwa mtu yeyote. Ina pia nazi, ambayo mafuta yake hupandisha aina mbaya ya kolesteroli yakitumiwa kwa wingi, chai inayotiwa sukari mpaka kijiko kinasimama, na mahamri ya asubuhi. Hatari ya wahudumu wa hoteli, hata hivyo, inatokana zaidi na wakati wa kula kuliko na nazi: mlo mkubwa wa saa tano usiku baada ya wageni kuondoka mezani, wakati ambapo mwili umekwisha punguza uwezo wake wa kushughulikia sukari.

Hapo mjadala unafika kwenye usingizi, ambao ndio kiini cha suala zima. Ndani ya ubongo wa kila mtu imo saa ya mwili inayofuata mzunguko wa takriban saa 24, ikirekebishwa na mwanga unaoingia machoni, na waliofumbua namna jeni zinavyoiendesha, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Vyama vya wataalamu wa usingizi vya Marekani vilikubaliana mwaka 2015 kwamba mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Kauli hiyo imegeuzwa amri ya kuogofya, hasa kwa watu wanaojihukumu kila asubuhi kwa tarakimu za saa zao za mkononi, na ni vyema iwekwe kando ya uchunguzi wa mwaka huo huo wa Wahadza wa kandokando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania, pamoja na jamii nyingine mbili za Namibia na Bolivia. Bila umeme wala simu, watu hao walilala kwa wastani kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku. Hawakulala mara jua lilipozama bali saa tatu na kitu baadaye, na usingizi wao ulifuata kushuka kwa joto la hewa. Kilichowatofautisha na wafanyakazi wa mjini ni ukawaida wa saa zao kuliko wingi wake. Uchambuzi wa zaidi ya Waingereza 60,000 waliovalishwa vipima mwendo umekuja kuunga mkono jambo hilo: kulala na kuamka kwa saa zile zile kulitabiri vifo vizuri zaidi kuliko idadi ya saa za kulala.

Kwa Watamu matokeo hayo yana makali. Kijana anayehudumia wateja wa New York kutoka chumba chake karibu na Mida huanza kazi saa kumi alasiri na kumaliza saa sita usiku katika miezi ya kiangazi cha huko. Akiwa na mwajiri wa San Francisco, humaliza saa tisa usiku. Ratiba hiyo inavumilika akiishikilia siku zote saba, akatia pazia zito dirishani na kutafuta mwanga wa jua mara aamkapo. Inakuwa sumu pale siku za wikendi anaporudi kwenye saa za marafiki zake, kwa kuwa hapo mwili wake unasafirishwa kwenda Amerika na kurudi kila wiki bila kuvuka bahari. Mhudumu wa hoteli ana tatizo kubwa zaidi, kwa sababu saa zake huzungushwa na mtu mwingine: wiki hii asubuhi, wiki ijayo jioni, na mara nyingine zamu ya jioni inayoishia saa tano usiku ikifuatwa na ya asubuhi inayoanza saa kumi na mbili. Ukiondoa safari ya bodaboda kwenda Gede na kurudi, kuoga na kula, zinabaki saa nne au tano za kulala katika chumba cha mabati kisicho na dari, ambako joto la mchana halijatoka. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka kazi ya zamu za usiku, mwaka 2007 na tena 2019, katika kundi la mambo ambayo huenda yakasababisha saratani.

Watu hujitafutia dawa yao. Jioni, kahawa chungu humiminwa kutoka kwenye dele lenye makaa chini yake, ndani ya vikombe vidogo, na kahawa hiyo ina sura ya mapumziko hata pale inapoyavunja: kafeini huchukua saa tano hivi kupungua nusu mwilini, na jaribio la mwaka 2013 lilionyesha kwamba dozi kubwa iliyonywewa saa 6 kabla ya kulala ilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa nzima. Muguka ni jambo zito zaidi. Majani hayo yana kathinoni, kichocheo kinachopandisha presha na kufukuza usingizi, na walinzi na waendeshaji bodaboda huyatafuna kwa sababu kazi yao inadai wawe macho wakati miili yao inadai kulala. Mwezi Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka, na Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku hiyo muda mfupi baadaye. Mabishano yaliyofuata yalihusu wakulima wa Embu, mapato na maadili ya vijana. Zamu za saa kumi na mbili za usiku, ambazo ni sehemu ya kinachouza muguka, hazikusikika sana. Dawa iliyo salama kwa mwenye usingizi mfupi ni kulala kidogo mchana, dakika ishirini hadi thelathini kabla ya alasiri, desturi ambayo Pwani iliijua kabla ya maabara na ambayo waajiri wengi huihesabu uvivu.

Kuhusu mwendo wa mwili, kanuni yenyewe haina utata: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2020, linataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Hatua 10,000 zinazonukuliwa kila mahali zilianzia kwenye biashara ya kifaa cha Kijapani miaka ya 1960, na takwimu za baadaye zinaonyesha faida kubwa ikipatikana hata chini ya idadi hiyo, hasa kwa waliovuka miaka 60. Kwa wakili anayekaa kitini siku nzima, habari hizo zinatosha. Lakini msafishaji wa vyumba anayeinama, kusukuma magodoro na kupanda ngazi kwa saa nane amekwisha kuzivuka hatua hizo kabla ya adhuhuri, na bado si lazima awe na afya ya mkimbiaji. Watafiti huliita jambo hilo kitendawili cha mwendo: majumuisho yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba wanaume wanaofanya kazi nzito za mwili walikuwa na hatari ya kufa mapema kwa asilimia 18 zaidi ya wenye kazi nyepesi, ilhali mwendo wa wakati wa mapumziko hupunguza hatari hiyo. Umaskini na sigara vinaeleza sehemu ya tofauti, si lazima zote. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba mazoezi ya hiari ni makali, mafupi, na hufuatwa na kupumzika, wakati kazi ya sulubu ni ya nguvu ya wastani inayoendelea kwa saa nyingi, ikiuweka moyo na presha juu bila nafasi ya kushuka. Wahadza tena wanasaidia hapa: wana mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa siku, lakini pia hutulia kwa takriban saa 10, mara nyingi wakichutama, mkao unaoendelea kuifanyisha misuli ya miguu kazi kidogo.

Kuna jaribio moja linalopendwa sana na wauzaji wa matumaini, nalo linahusu wasafishaji wa hoteli hasa. Mwaka 2007 watafiti Alia Crum na Ellen Langer waliwaambia baadhi ya wanawake 84 wa kazi hiyo nchini Marekani kwamba kazi yao inatosheleza masharti ya mazoezi. Baada ya wiki nne waliojulishwa walikuwa wamepungua uzito na presha kidogo kuliko wasiojulishwa. Jaribio ni dogo na la muda mfupi, na meneja atakayelichukua kuwa sababu ya kuwahutubia wafanyakazi badala ya kuwapunguzia vyumba atakuwa amelitumia vibaya.

Bidhaa za umri mrefu zinazotangazwa kwa wenye fedha zinahitaji maneno machache tu. Madimbwi ya barafu hupunguza maumivu ya misuli, lakini yakitumiwa kila baada ya mazoezi ya nguvu hupunguza pia ukuaji wa misuli, na ushahidi kwamba yanarefusha maisha haupo. Kufunga kula kwa saa maalumu hupunguza uzito kwa sababu mtu hula kidogo. Jaribio la Uchina lililochapishwa mwaka 2022 halikuona faida ya ziada ya saa zenyewe.

Watu ni jambo jingine. Majumuisho ya tafiti 148 yaliyochapishwa mwaka 2010, yaliyohusu zaidi ya watu 308,000, yalikadiria kwamba wenye mahusiano imara ya kijamii walikuwa na uwezekano wa kubaki hai ulio mkubwa kwa asilimia 50 kuliko wapweke. Baraza la nje ya nyumba, chama cha kuweka akiba, kwaya, sala ya jamaa, mchezo wa bao chini ya mwembe: hivi ni vyombo vya afya, na mhamiaji wa kompyuta anayefika Watamu bila kumjua mtu hupata bahari na kukosa hivyo. Lakini mwandishi wa mambo ya Pwani asiyataje mahusiano ya kijamii kama asali tupu. Katika kaunti hii hii ya Kilifi wazee wameuawa na kufukuzwa makwao kwa tuhuma za uchawi, mara nyingi nyuma yake pakiwa na ugomvi wa shamba la urithi, kiasi kwamba wengine wamezipaka mvi zao rangi nyeusi ili wasitambulike umri, na huko Kaya Godoma, Ganze, pamewekwa makao ya kuwahifadhi waliookoka. Elimu ya kurefusha maisha inayojadili kotisoli na kusahau kwamba kijiji chenyewe kinaweza kuwa hatari kwa aliyefaulu kuzeeka imeacha jambo la msingi.

Likizo ndiyo bidhaa ambayo Watamu inaiuza, na sayansi ina habari nzuri na mbaya juu yake. Jessica de Bloom na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi wa Uholanzi kabla, wakati na baada ya likizo ndefu, wakaona kwamba hali ya afya na furaha hupanda haraka, hufika kilele karibu siku ya nane, kisha hurudi palepale ilipokuwa ndani ya wiki ya kwanza ya kurejea kazini. Sabine Sonnentag, kwa upande wake, ameonyesha kwamba kinachoponya ni kujitenga na kazi kimawazo, yaani akili kuacha kuitafuna kazi baada ya saa zake kwisha. Daktari anayejibu ujumbe wa wodi akiwa chini ya mwavuli wa makuti amehamisha ofisi yake, hajapumzika. Kutokana na hayo mawili, wikendi nne za siku tatu zilizotawanywa mwakani, simu ikiwa imezimwa, zina nafasi nzuri ya kumfaa mtu wa Nairobi kuliko wiki mbili za Desemba zinazofuatwa na miezi kumi na moja ya kukimbizana. Kinachofaa zaidi ya vyote ni jioni ya kawaida isiyo na kazi, na hiyo haihitaji tiketi ya ndege ya Malindi.

Jioni hiyo, kwa bahati mbaya, haimo mikononi mwa mwajiriwa peke yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, ukilinganisha na saa 35 hadi 40, kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35 na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, na kwamba saa hizo ndefu zilihusika na vifo 745,000 mwaka 2016. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba na likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo kila mwaka. Katika utalii, hata hivyo, likizo husukumwa kwenye miezi ya kusi, Mei na Juni, wageni wanapokuwa wachache, na msimu wa kaskazi hubaki miezi ya kukaza kamba bila kulegeza. Mwili, kwa yote yaliyokwisha elezwa, hauwezi kuweka akiba ya mapumziko ya Juni ili uyatumie Desemba.

Kinachobadilika kwa gharama ndogo ni ratiba. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 yanadai saa 11 za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na inayofuata, kanuni ambayo peke yake ingeiondoa ile zamu ya jioni inayofuatwa na ya asubuhi. Nchini Marekani, jaribio lililoongozwa na Joan Williams katika maduka ya Gap, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2018, liliwafanya mameneja wazifanye saa za wafanyakazi zisibadilikebadilike. Mauzo yalipanda kwa takriban asilimia 7, na wafanyakazi waliripoti usingizi bora. Hoteli ya Watamu inajua idadi ya wageni wake mapema kuliko duka la nguo linavyowajua wanunuzi, kwa hiyo kisingizio cha kutotabirika hakiisaidii sana. Wanaobaki nje ni vibarua wa msimu, mlinzi aliyeajiriwa na kampuni nyingine, na nahodha anayelipwa kwa safari: hao hawana ratiba ya kubandikwa ukutani, na kila saa wanayopumzika wakati wa kaskazi wanaikata kwenye fedha za kusi. Kwao swali la kulala saa ngapi ni swali la bei ya safari moja ya mashua, na hapo mabishano yanawahusu wenye hoteli, vyama vya wafanyakazi na kaunti zaidi kuliko yanavyowahusu madaktari.